Kuomba taarifa halmashauri kwa barua: huduma hii ikoje Mwanza?

Anayetaka kujua fedha za kata yake zimekwenda wapi anayo njia halali ya kuuliza: barua ya maombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Huduma hii tunaipa alama tatu kati ya tano. Inafaa na itumike, ila alama mbili imezipoteza kwa haki kabisa, kwa sababu ukinyimwa, rufaa inakurudisha serikalini kulekule. Kabla ya kufika kwenye rufaa, kuna la muhimu zaidi: maombi mengi hufia masijala kabla hata mtu hajaamua kuficha chochote.

Kosa la kwanza ni kupeleka barua ofisi isiyohusika. Watu husema "Jiji" wakimaanisha mji wote, kumbe mji huu una halmashauri mbili. Nyegezi, Butimba, Mkolani na Igoma ziko Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji. Kirumba, Pasiansi, Igombe na Kayenze ziko Manispaa ya Ilemela, ambayo makao yake ni Buswelu. Barua kuhusu ushuru wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, ikipelekwa Jiji itakaa tu. Barabara za mitaa ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS, vivuko viko chini ya TEMESA, maji ya mjini ni ya MWAUWASA na ya vijijini ni ya RUWASA. Hakikisha kwanza nani anashika faili.

Kosa la pili ni kuomba maelezo badala ya waraka. Ukiandika "naomba kufahamu kuhusu mikopo ya vijana", umempa afisa nafasi ya kukujibu kwa aya mbili za sera. Taja waraka, mwaka wa fedha na eneo. Kwa mfano: "YAH: MAOMBI YA NAKALA YA ORODHA YA VIKUNDI VILIVYOPATA MKOPO WA ASILIMIA 10, KATA YA KIRUMBA, MWAKA WA FEDHA 2024/2025." Chini yake eleza safu unazotaka: jina la kikundi, kiasi kilichotolewa, tarehe, kiasi kilichorejeshwa. Mikopo hiyo hutokana na mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbuka ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024, kwa hiyo orodha ya kipindi hicho inaweza kuwa tupu pasipo mtu kukudanganya. Kwa miradi ya ujenzi omba mkataba, mchanganuo wa gharama na hati za malipo, kila kimoja kwa jina lake. Sheria inataka maelezo yanayomwezesha afisa kuitambua taarifa. Ukitaja waraka kwa jina, hana pa kusema hakuelewa.

Barua ielekezwe kwa mkurugenzi, iwe na jina lako kamili na anwani. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa haki hii ni ya raia wa Tanzania tu. Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe na unaondoka nayo. Usiondoke bila muhuri huo. Sheria inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu, na bila muhuri hakuna anayeweza kuonesha siku zilianza kuhesabika lini. Ukiambiwa kuna gharama ya kurudufu, omba namba ya malipo ya serikali na ulipe kwa njia hiyo tu. Fedha ya mkononi hapo kaunta si ada.

Yapo mambo ambayo hayahitaji barua kabisa, na ni hasara kupoteza mwezi kuyasubiri. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwekwa mtandaoni bure baada ya kuwasilishwa bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili, na zinaonesha halmashauri ipi imepata hati inayoridhisha na ipi yenye shaka. Sheria ndogo za ushuru hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Baraza la Madiwani hukutana hadharani, na mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kila miezi mitatu, ndipo mapato na matumizi husomwa. Barua itunzie yale ambayo huko hayasemwi.

Sasa kuhusu siri. Sheria inaorodhesha taarifa zinazoweza kuzuiwa: ulinzi na usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi halali ya kibiashara, shauri lililoko mahakamani, jambo ambalo bado halijaamuliwa. Hakuna kati ya hayo kinacholinda orodha ya vikundi vilivyokopa fedha za umma au gharama ya choo cha shule. Kwenye mikataba ndipo hoja ya biashara hutumika zaidi. Andika mapema kwamba kama sehemu fulani ina siri ya mkandarasi, unaomba sehemu iliyobaki. Ukijibiwa "hiyo ni siri", omba jibu kwa maandishi likitaja kifungu. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo hubadilika.

Tuseme haki kwa maafisa pia. Sheria hiihii inamtishia anayetoa taarifa iliyozuiwa kwa kifungo cha kuanzia miaka mitatu hadi mitano. Kuficha au kuharibu kumbukumbu kwa makusudi nako ni kosa, lakini barua iliyokaliwa bila kujibiwa ni vigumu kuthibitisha kwamba ilikaliwa makusudi. Afisa mwenye familia anajua upande upi una hatari kwake. Anapokwambia "njoo wiki ijayo", mara nyingi si kwamba faili lina kashfa; anaogopa kusaini peke yake. Barua inayoeleweka, yenye kifungu na orodha, inampa kinga ya kuipandisha kwa mkubwa wake.

Siku 30 zikipita kimya, andika barua ya ukumbusho ukiambatisha nakala yenye muhuri. Ukikataliwa, una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi. Hapo pana udhaifu ulio wazi: kwenye halmashauri, aliyekunyima anaweza kuwa ndiye unayemrudia, au msaidizi wake. Baada yake ni Waziri, na uamuzi wake sheria inauita wa mwisho. Hakuna chombo huru katikati. Kenya, iliyotunga sheria yake mwaka huohuo wa 2016, inampa mwombaji jibu ndani ya siku 21, na akinyimwa anaipelekea tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Uganda, kwa sheria ya 2005, ni siku 21 na rufaa kwa hakimu mkuu. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara na wa Kisumu, Kenya, wanakunywa ziwa moja, ila haki zao mbele ya kaunta zimepishana.

Jambo moja la Kenya tunalitamani zaidi: taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Kwetu huku si jambo dogo. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Uwezo wa kivuko, tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho na idadi ya maboya ni taarifa zinazopaswa kubandikwa gatini, zisomwe na kila anayekata tiketi. Mtu anayevuka leo jioni hana siku 30.

Kwa asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, sheria inaruhusu aombe kwa mdomo. Afisa ndiye anayetakiwa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Unapomsindikiza mzee wako ofisi za halmashauri za Nansio, Ukerewe, au za Buswelu, idai nakala hiyo kabla hamjatoka, nayo igongwe muhuri uleule wa tarehe.