Mbegu za mboga changa za ndani: uanze kununua ipi

Mboga changa ni miche inayooteshwa kwenye trei ndani ya nyumba na kukatwa iliwe ikiwa bado midogo. Trei na chupa ya kunyunyizia unanunua mara moja tu. Mbegu unarudi kuzinunua kila wiki, na ndizo zinazoamua kama utavuna au utamwaga. Kwa hiyo hapa tumepanga mbegu peke yake. Vipimo ni vya trei ya sentimita 25 kwa 50, yenye matobo chini na udongo wa sentimita 3.

Kabla ya kuuliza bei, uliza dawa. Mbegu nyingi za duka la pembejeo zimepakwa dawa ya kuzuia kuvu, ndiyo maana zina rangi ya waridi, bluu au kijani. Mahindi ya shambani huvunwa baada ya miezi, lakini mboga changa unaila siku ya 8, na kusuuza hakuisafishi. Sugua mbegu chache kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Kikishika rangi, ziache hapo hapo dukani. Kisiposhika, bado isome paketi, kwa sababu rangi siyo lazima. Njia nyepesi ni kwenda kwa muuza viungo au duka la nafaka, ambako mbegu huuzwa kwa ajili ya kuliwa: Kisutu kwa watu wa Dar es Salaam, Marikiti kwa wa Mombasa.

Ya kwanza: haradali. Ile nyeusi au ya kahawia, nzima. Trei moja inataka gramu 10 hadi 12 tu, yaani vijiko vya chai vitatu, kwa hiyo hata ukiharibu hujaumia. Usiiloweke, mwaga juu ya udongo uliolowana, funika kwa trei nyingine siku 3, kisha iweke dirishani. Unakata siku ya 7 hadi 10, na ukali wake unakaa vizuri na samaki wa kukaanga. Siku ya tatu utaona manyoya meupe kwenye mizizi, na hapo wengi hutupa trei nzima bure. Nyunyizia maji: vinyweleo vya mizizi hulala na kutoweka, ukungu unabaki kama utando wa buibui na una harufu.

Ya pili: alizeti, kwa ladha ingeshika namba moja. Chukua mbegu nyeusi za kukamulia mafuta, zile zinazojaa Singida na Dodoma, zikiwa na ganda lake. Zenye mistari mikubwa za kutafuna nyingi ni za kukaanga na chumvi, haziwezi kuota. Gramu 110 zilowekwe saa 8 hadi 12, zichujwe, zitandazwe zikigusana lakini zisipandane. Weka trei juu yake na pakiti mbili za unga za kilo moja moja. Uzito huo unalazimisha mizizi ishuke na kusaidia miche kuvua maganda. Bila uzito utakaa unabandua ganda moja moja kwa kucha. Kata siku ya 8 hadi 12, kabla majani ya pili hayajatokeza, maana yakitoka tu inakuwa chungu.

Ubaya wake ni kuoza. Ganda limebeba kuvu, na joto la pwani la nyuzi 30 linaichochea. Baada ya siku 3 za kwanza, maji yapitishwe chini: tia nusu lita kwenye trei isiyo na matobo, kalisha ile yenye mimea humo dakika 20, mwaga yaliyobaki. Feni ndogo ikipuliza pembeni inasaidia kuliko dawa yoyote.

Ya tatu: njegere kavu nzima. Zilizopasuliwa hazioti. Gramu 200, kuloweka usiku mmoja, siku 10 hadi 14. Ukikata juu ya kifundo cha chini, huchipua mara ya pili.

Figili ndiyo ya haraka kupita zote, siku 6 hadi 8 kwa gramu 30. Tumeishusha hadi ya nne kwa sababu kuipata isiyo na dawa ni kazi. Uwatu unafuata: rahisi, ila uchungu wake si wa kila mtu. Giligilani, au dania kwa Wakenya, iwe ya mwisho. Inakaa siku 18 hadi 21, na ili iote vizuri kila punje ni vyema uibiringishie chupa ipasuke vipande viwili.

Mbegu yoyote ya kupimwa kwa kilo, omba kwanza punje 50. Ziweke kwenye tishu yenye unyevu siku 3 au 4, giligilani zaidi ya hapo. Zikiota chini ya 40, usinunue: zile zilizokufa ndizo zinazoozesha wenzao.

Udongo wa makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mzuri, lakini yanayotoka pwani yanaweza kuwa na chumvi. Suuza mara tatu kwa maji ya bomba.

Na kuna za kutogusa hata ukipewa bure. Miche ya mtama ina sumu ya sianidi, hiyo hiyo inayoua ng'ombe akila mtama mchanga. Nyanya, biringanya na pilipili nazo miche yake haifai kuliwa, na maharagwe mabichi yana sumu ambayo huisha kwa kuchemshwa sana tu.