Chekechea ya Mwanga na simu za udongo

Mjukuu wangu wa miaka minne amemaliza muhula wake wa kwanza katika chekechea moja ya Mwanga, mjini Kigoma. Wazazi wengi wanaokwenda kuandikisha watoto huitazama kwanza runinga iliyo ukutani, lakini mimi nimeipendea shule hii jinsi mwalimu anavyojua wakati wa kuizima.

Asubuhi, baada ya uji, watoto huoneshwa kipindi kimoja cha Akili and Me, katuni inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kisha runinga huzimwa, na watoto huhamia kwenye kona yenye maboksi, vifuniko vya chupa na simu walizozifinyanga wenyewe kwa udongo. Siku niliyoruhusiwa kuketi nao, Akili alikuwa amekwishapakiwa kwenye mtumbwi wa boksi kuelekea Kibirizi kununua dagaa. Mtoto aliyejifanya wakala wa pesa alimwomba mteja namba ya siri, mwenzake akamkemea papo hapo kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu, kisha wakahesabu vifuniko ishirini vilivyokuwa noti zao. Mwalimu hakuwakatiza ili awarudishe ubaoni. Aliinama tu akauliza chenji imebaki kiasi gani, na mabishano yaliyofuata yalikuwa somo la kutoa ambalo sijaona daftari lolote likimpa mtoto wa umri huo kwa hamu kama ile.

Jioni, hata hivyo, mambo hubadilika. Watoto wanaosubiri kuchukuliwa huachwa mbele ya runinga hiyohiyo, ikionesha video za muziki wa wakubwa, wakiwa kimya, bila mwalimu wa kuzungumza nao, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Nimemweleza mkuu wa kituo, naye amenisikiliza kwa heshima, ingawa sijaona badiliko.

Ada ya muhula ujao nimeilipa. Mjukuu wangu ninamchukua saa saba mchana, kabla runinga haijawashwa tena, naye hurudi nyumbani akiwa na simu yake ya udongo mfukoni.