Seti yako ya kwanza ya gofu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hata shilingi moja, gawa pesa zako mafungu mawili: moja la fimbo, jingine la mwalimu na ndoo za mipira ya mazoezi. Anayezimaliza zote kwenye fimbo hubaki na begi jipya na mpira uleule unaokata kona kuelekea kichakani. Orodha iliyo hapa chini nimeipanga kwa kipimo hicho kimoja: ununuzi upi unamwachia mwanafunzi pesa na nafasi ya kujifunza kupiga. Mchezaji aliyekwishafika handikapu ya tarakimu moja, yaani aliyebobea, ana mahitaji mengine.

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 begini, lakini hazikulazimishi kufika huko. Saba zinamtosha anayeanza: woodi namba 5 (fimbo ndefu ya kichwa kikubwa), haibridi moja (mseto wa woodi na chuma), chuma namba 7, chuma namba 9, weji ya kawaida (fimbo fupi ya kuinua mpira juu), weji ya mchanga, na puta ya kusukumia mpira shimoni. Hiyo ndiyo nusu seti, na kuwa na fimbo chache kunakufundisha kuzijua. Mwenye chuma 7 pekee pale ambapo wenzake wana 6, 7 na 8 hujifunza haraka kupiga nusu, robo tatu na kamili.

Nafasi ya kwanza: nusu seti ya mtumba, vyuma vya mgongo wa kibonde

Hapa sina shaka. Tafuta vyuma vya kampuni inayojulikana, PING, Callaway, TaylorMade, Mizuno au Cleveland, vilivyotengenezwa miaka kumi au hata kumi na tano iliyopita, na ambavyo mgongo wake umechimbwa ndani ili uzito uhamie pembeni. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha PING mwaka 1959, ndiye aliyeifanya kanuni hii ienee. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono, hageuki kirahisi ukimgusa bega. Ndivyo kichwa cha fimbo chenye uzito pembeni kinavyokataa kujipinda mpira unapogonga nje ya kitovu. Na mwanafunzi hugonga nje ya kitovu karibu kila mara. Kanuni hiyo haijazeeka, kwa hiyo chuma cha zamani cha aina hii bado kinakusaidia kwa sehemu ndogo ya bei ya kipya. Pesa za dreva mpya ya mwaka huu, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza, mara nyingi zinaweza kununua nusu seti nzima ya mtumba.

Pa kuzipata? Anza klabuni. Makedi, wabeba begi wa wachezaji, wanajua nani amebadilisha seti na nani amestaafu mchezo, na duka la klabu mara nyingi huwa na fimbo zilizorudishwa. Ulizia Lugalo na Gymkhana kama uko Dar es Salaam, au Golf Park pale Ngong Racecourse kama uko Nairobi, ambako pia utakuta watu wengi wanaoanza kama wewe. Ukiwa na ndugu Uingereza, Marekani au Dubai, mwombe akutafutie huko, maana soko la mtumba ni kubwa na fimbo hupangwa kwa madaraja ya uchakavu. Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujafurahia bei.

Ukishika fimbo mkononi, kagua hivi. Kwanza kichwa: kitikise karibu na sikio, na ukisikia kitu kinacheza ndani au kichwa kinazunguka kwenye mpini (ule ufito mrefu kati ya kichwa na kishikio), gundi imeachia. Mifereji ya uso iwe bado na kingo unazozihisi kwa ukucha, hasa kwenye weji. Chungulia mpini kutoka juu hadi chini uone kama umenyooka. Mipini ya vyuma vyote iwe ya aina moja, kwani seti iliyochanganywa ina fimbo moja laini na nyingine ngumu, na utadhani kosa ni lako. Kwa seti iliyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar, angalia kutu pale mpini unapoingia kwenye kichwa na chini ya ukingo wa kishikio; chumvi ya bahari haisamehe chuma. Kishikio kilichokauka na kuteleza si sababu ya kukataa fimbo, lakini gharama ya kukibadilisha iondolewe kwenye bei.

Halafu urefu. Simama wima na viatu vya kawaida, mikono ikining'inia, mtu akupime kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kipimo hiki kinafaa kuliko kimo chako peke yake, kwa sababu watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa. Mpe mwalimu namba hiyo kabla ya kununua. Kisha shika chuma 7 kama unataka kupiga: ncha ya mbele ya kichwa iinuke kidogo tu. Ikiinuka sana, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia utavutwa kushoto hata akipiga vizuri.

Wanawake wengi huanzia kwenye fimbo za zamani za mume au kaka, nami nawasihi waache. Fimbo za kiume ni ndefu kwa takriban inchi moja, nzito zaidi, na mpini wake ni mgumu. Zinamfundisha mtu kujikunja na kurusha mwili mzima ili tu kichwa kifike kwenye mpira, na kosa hilo huchukua muda mrefu kuondoka. Mtoto naye asikatiwe fimbo za mtu mzima: mpini ukikatwa unazidi kuwa mgumu na kichwa kinabaki na uzito uleule.

Kuhusu mpini wenyewe, wengi wanaoanza wanafaa ugumu wa kawaida, ule wenye herufi R. Herufi S ni ya anayepiga kwa kasi kubwa. Mwenye umri mkubwa au maumivu ya kiwiko achague grafaiti, nyepesi na yenye mtetemo mdogo.

Nafasi ya pili: seti mpya ya sanduku

Hizi ni seti zilizokamilika, begi likiwemo, kama zile za Strata za Callaway au za Wilson. Ni chaguo la heshima kwa mtu asiye na wa kumkagulia mtumba, kwa anayeishi mbali na klabu, na hasa kwa anayetumia mkono wa kushoto, kwa sababu mtumba wa mkono huo ni wa kuwinda. Udhaifu wake ni kwamba mpini ni mmoja kwa watu wote, na ukitaka kuiuza baadaye inashuka bei kwa kasi. Chagua ile yenye fimbo chache.

Nafasi ya tatu: kuazima au kukodi

Hujui kama mchezo utakukaa? Kodi, piga chuma 7 na weji peke yake kwa wiki kadhaa. Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu kila siku utashika fimbo tofauti, na mikono inahitaji kuzoea kitu kimoja.

Nafasi ya nne: seti mpya ya kisasa, iliyopimwa kwa mwili wako

Ni vifaa bora kuliko vyote humu, ila wakati wake bado. Ukipimwa leo, unapimwa kwa swingi, yaani namna yako ya kuzungusha fimbo, utakayoiacha baada ya masomo machache. Zaidi ya hayo, usishawishiwe na umbali wa dukani. Uso wa fimbo ukiwa na mwinamo mdogo, mpira huenda mbali zaidi. Chuma 7 cha zamani kilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 hivi. Cha leo cha kundi hili mara nyingi kina 28 hadi 30. Kwa hiyo anayeshangilia kwamba 7 mpya imempa yadi nyingi, kwa sehemu kubwa amepiga 6 au 5 ya zamani iliyoandikwa namba nyingine.

Nafasi ya tano: vyuma vyembamba vya mabingwa

Kila Kenya Open inapochezwa Muthaiga au Karen, watu hutoka uwanjani wakitaka vyuma vyembamba walivyoviona mikononi mwa wachezaji wa kulipwa. Ni vizuri sana kwa anayegonga kitovu mara tisa kati ya kumi. Mwanafunzi atapata ganzi ya vidole na mpira usiofika.

Mwisho kabisa: feki

Tangazo la seti "mpya kabisa" ya jina kubwa kwa robo ya bei, kwenye WhatsApp au Facebook, lipite. Nyingi zina vichwa vya chuma duni na mipini inayoweza kuvunjika katikati ya pigo, kipande kikaruka kuelekea aliyesimama karibu. Nenda na sumaku ndogo: uso wa dreva ya titani haushiki sumaku. Angalia namba ya usajili shingoni mwa fimbo na uiulize kampuni. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, ondoka.

Dreva, weji na mipira

Dreva isubiri. Ukiitaka lazima, chukua yenye mwinamo wa nyuzi 10.5 au zaidi, 12 ikipatikana, kwa sababu mwinamo mdogo huzidisha mpira kukata kona pembeni.

Weji ya mchanga ndiyo fimbo ninayoomba uichague kwa kuangalia uwanja wako. Nairobi viwanja vingi vina nyasi za kikuyu, nene na zenye kung'ang'ania, na mvua ikinyesha ardhi hulainika. Hapo chukua ya nyuzi 56 yenye tumbo nene, yaani baunsi (pembe ya tumbo la fimbo) ya nyuzi 10 hadi 12, isizame. Pwani, ardhi ikikauka na kukaza, tumbo hilohilo hudunda juu ya udongo na ukingo ukaugonga mpira kiunoni. Tafuta baunsi ya 8 hivi.

Mipira nunua ile ya tabaka mbili, ya bei ya chini. Ya kuokotwa inafaa kwa mazoezi, lakini iliyokaa muda mrefu bwawani hupoteza umbali. Glavu nunua mbili ukicheza pwani, moja ikauke wakati nyingine imevaliwa.

Ambalo fimbo haitakusaidia

Tatizo linalowapeleka wengi dukani ni mpira unaokata kona kulia, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Sababu ni uso wa fimbo kuwa wazi kuliko njia ambayo kichwa kinapita wakati wa kugonga. Anza na mshiko: ukitazama chini, uone vifundo viwili, hata vitatu, vya mkono wa kushoto, na bonde kati ya kidole gumba na cha shahada lielekee bega la kulia. Shika kwa upole. Mkono uliokaza hauwezi kufunga uso.

Kama unapiga ardhi kabla ya mpira, kunja taulo uiweke kiganja kimoja nyuma ya mpira, kisha piga nusu swingi kwa chuma 9 bila kuigusa. Uzito uwe umeshahamia mguu wa kushoto mpira unapoondoka, na nyasi zing'oke mbele ya pale mpira ulipokuwa. Kama unayumba, kusanya miguu pamoja na upige taratibu. Ukianguka, ulikuwa unalazimisha nguvu. Weka mpira karibu katikati ya miguu kwa vyuma vifupi, na sambamba na kisigino cha kushoto kwa dreva.

Jirekodi kwa simu, kamera ikiwa nyuma yako kwenye mstari wa lengo, kwenye kimo cha mikono, umwonyeshe mwalimu. Ndoo moja ya mipira ipige polepole, nusu yake iwe ya weji. Kisha nenda kwenye grini ya mazoezi, ile sehemu ya nyasi fupi yenye mashimo, kwa sababu puta utaitumia kwenye karibu kila shimo.

Ukianza kugonga chuma 7 kwenye kitovu mara nyingi kuliko unavyokosa, ongeza chuma 6 na 8 za seti ileile, kisha dreva. Hapo ndipo pesa ya kupimwa itakapofanya kazi yake.