Usidanganywe na Taa ya Fowili! Land Cruiser 79 Pikapu na Habu Zake

Haya jamani, karibuni tena. Leo nimelala chini ya Land Cruiser 79, pikapu, hii ya injini ya 1HZ. Mambo ya cc za injini na ukubwa wa tangi nayaruka, mnayajua. Nataka hiki kiduara cha katikati ya tairi la mbele, ndiyo habu yenyewe. Sogeza kamera. Umeona? FREE, tairi liko huru. LOCK, tairi limeshikana na ekseli. Kwenye gari hii yote hakuna kitu ninachokipenda kama hiki!

Sasa kilichonikera. Kila masika napokea meseji ileile: “Kaka, nimeweka 4H, ile gia ya fowili ya tairi zote nne kuvuta, taa yake imewaka, gari imezama kwenye udongo mweusi, zinazunguka tairi za nyuma tu.” Akienda gereji anaambiwa gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa, ishushwe. Inaniuma! Ile taa haijui habari za tairi. Swichi yake iko kwenye gia boksi ndogo, gia ikiingia inawaka, basi. Habu zikiwa FREE taa itawaka vilevile, propela ya mbele, ile shafti ndefu ya chini, itazunguka, difu, inayogawa nguvu kushoto na kulia, itazunguka, na tairi za mbele hazitapata kitu.

Tupime. Niko sehemu tambarare, mawe yako mbele na nyuma ya tairi za nyuma, hendibreki juu, injini imezimwa, gia kubwa iko nyutro. Gia ndogo 4H. Habu zote mbili LOCK. Nimepiga jeki tairi moja tu, la mbele kushoto. Nalizungusha kwa mkono... linacheza kidogo, linagoma. Sikiliza, tak, tak. Hapo fowili ipo.

Dogo, zunguka upande wa pili, weka ya kulia FREE. Hii ya kushoto sijaigusa, bado iko LOCK. Tazama... linazunguka! Lete tochi huku chini. Propela ya mbele imetulia tuli. Difu imekimbilia upande ulio mwepesi. Ndiyo maana nasema habu moja ikifa, mbele kote kumekufa, hata kama ya pili ni mpya kabisa. Rudisheni nyuma muitazame tena hiyo, ni muhimu.

Kwa hiyo habu zote zikiwa LOCK, uko 4H, na tairi la kwenye jeki bado linazunguka, mtu achungulie propela ya mbele. Ikizunguka pamoja na tairi, hapo kweli tafuta kwenye gia boksi ndogo au mitambo ya gia yake. Ikitulia, anza na habu. Jeki moja tu, na hujamlipa mtu.

Wa pikapu za fowili ya kitufe msikimbie, najua mko wengi humu. Barabarani mnatuacha mbali kwa starehe, nakubali. Lakini baadhi ya hizo za dizeli hushikisha mbele kwa vakyumu, kupitia vipaipu vya mpira. Joto linavikausha, vinapasuka, taa ya fowili inabaki inapepesa. Fuatilia vipaipu na plagi za umeme kwanza, aktueta, kile kifaa kinachoshikisha mbele, nunua mwishoni. Mimi porini bado nataka kitu ninachokigeuza kwa mkono.

Turudi kwenye habu. Muuaji wake mkubwa ni grisi! Mafundi wanaishindilia kama wanajaza beringi. Ikichanganyika na tope inakuwa nzito, klachi ya ndani, ile ringi yenye meno, inashindwa kuteleza. Fungua bolti 6 za kifuniko, osha kwa dizeli, kausha, paka grisi nyembamba, weka gasket mpya. Na kiduara kikigoma kugeuka, tafadhali, plaizi weka mbali. Sukuma gari kidogo mbele au nyuma, meno yapatane, geuza tena kwa vidole.

Bei: mnauliza sana. Ukishuka Gerezani kwa wa Dar, au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, utakutana na orijino na feki zimepangwa meza moja, na feki itakuvutia kwa bei. Mimi ningechukua orijino iliyotumika kuliko feki mpya. Igeuze hapohapo dukani mara kadhaa, ikikwama acha. Pikapu yenyewe bei yake haishuki, msisubiri ishuke.

Kitu kingine, gia ikigoma kutoka 4H. Umetembea kwenye lami kavu na kukata kona, na gari hii haina difu ya kati, kwa hiyo mitambo imejikaza. Usiipige teke gia. Rudi nyuma taratibu mita chache, usukani umenyooka, itaachia. Lami kavu ni 2H tu, zivute tairi za nyuma peke yake!

Video ijayo ni difu lok, zile za kitufe. Nayo nitaipigia jeki hivihivi. Leo niandikieni kwenye komenti: gari gani, habu za aina gani, na propela ilizunguka au ilitulia. Usiponiambia ya propela sitaweza kukusaidia.