Sienta ama Isis kwa familia kubwa?

Kwa wanaotafuta gari ya watu saba hapa Malindi, Toyota Sienta ya zamani ni 1500cc, mafuta haili sana na milango ya kuslaidi yafaa mno vichochoro vya Shela, lakini siti ya nyuma kabisa ni ya watoto, mtu mzima hata Gede hafiki hajaanza kulalamika magoti. Toyota Isis ni kitu chengine jamani! Injini ni 1800 ama 2000, na upande wa kushoto haina nguzo katikati, ukifungua milango yote miwili pawa wazi kabisa, bibi aingia taratibu bila kusukumwa. Kama mwaishi na wazee jikazeni mchukue Isis, ila mlango wa umeme ujaribuni vizuri kabla ya kulipa.