Kitabu au benki ya maswali kwa mtihani wa leseni ya meno?
Wanafunzi wa meno pale Makerere huniuliza hili kila mara. Kwa gharama, kitabu kilichotumika kinashinda: unalipa mara moja, na mdogo wako chuoni atakirithi. Benki ya maswali, yaani mkusanyiko wa maswali ya mazoezi kwenye simu, hudai ada kila mwezi, juu yake bando, na umeme wa Kampala ukikatika simu nayo huzima.

Kwa kukupima kweli, mambo hugeuka. Chukua neva ya trijemino, mshipa wa fahamu wa uso na meno. Kitabu kitakufundisha matawi yake 3 kwa utulivu. Swali zuri litakuletea mgonjwa aliyechomwa ganzi ya taya la chini: mdomo umekufa ganzi, jino bado linauma. Utafanya nini? INBDE, mtihani wa leseni ya meno wa Marekani wenye maswali 500, huunganisha sayansi ya msingi na tiba namna hiyo. Kukariri matawi hakutoshi.

Anatomia ya kitabu cha zamani bado inafaa. Kurasa za dawa zihakiki.

Kama fiziolojia bado inakuyumbisha, ndugu yangu, anza na kitabu. Kama misingi unayo na zimebaki wiki 6, ingia kwenye maswali, na usome maelezo hata ya jibu ulilopata kwa kubahatisha.