Umezoea magemu ya kucheza peke yako na unafikiria kuingia onlaini? Soma hii kwanza

Nina hasira na naandika nikiwa nazo hivihivi, maana nikisubiri zishuke nitaandika maneno ya upole ambayo hayatamsaidia mtu. Swali hili watu wanaliuliza kila siku: mi ni mtu wa fantasia ya kucheza mwenyewe, Skyrim, Witcher 3, yale magemu ambayo dunia nzima ni yako, unafungua kila kitabu unachokikuta mezani, unaongea na kila mwanakijiji hata kama hana kwesti, yaani kazi ya kutumwa, ya kukupa, sasa je, niingie kwenye gemu la onlaini la maelfu ya watu au niache? Wiki chache zilizopita ungeniuliza ningekwambia ingia tu, unachelewa nini. Leo nakwambia usiingie. Ngoja nieleze kwa nini.

Gemu lenyewe silitaji, sina mpango wa kulipigia debe wala kubishana na mashabiki wake. Ni la malipo ya kila mwezi, ni la zamani kidogo, na kila mtu alikuwa ananiambia stori yake ni kali. Na kweli ni kali, siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira. Kuna kwesti moja ndogo tu ya pembeni, kijiji cha wavuvi, mama mmoja anakutuma ukamtafutie sahani, unaleta, anaandaa meza ya watu watano, anakutuma tena, analalamika wanawe wanachelewa, na kila ukirudi majirani wanakuangalia vibaya mpaka unagundua nyumba ile ilishazama zamani na mama mwenyewe hajui kama alikufa. Hakuna mapigano hata kidogo. Nilikaa pale nasoma kila mstari mara mbilimbili, nikasema jamani hiki ndo kitu nilichokuwa nakitafuta, na kumbe kilikuwa kinanisubiri onlaini miaka yote hii.

Alafu stori kuu ikanifikisha kwenye danjoni.

Kwa wasiojua, magemu mengi ya aina hii stori inakwenda vizuri tu ukiwa mwenyewe, alafu ghafla inafunga mlango na kukwambia ili uendelee lazima uingie humu, eneo la maadui lenye adui mkubwa, bosi, mwishoni, na watu wengine watatu. Unajiunga kwenye foleni, mfumo unakuchagulia watu usiowajua, tanki mmoja wa kupokea kipigo, mponyaji mmoja, na wawili wa damej, yaani wa kushambulia tu, kama mimi niliyekuwa na upinde wangu. Na watu wa damej ndo wengi kuliko wote kwa hiyo foleni yao ndo ndefu, nilisubiri sana, nikaingia nikasalimia. Nikaandika kwenye chati, samahanini jamani, ni mara yangu ya kwanza humu, naomba tu nitazame video za stori zikitokea. Hakuna aliyejibu. Tanki alishaanza kukimbia kabla sijamaliza kuandika.

Sawa, nikakimbia nao. Nilipita kwenye kumbi zilizochorwa vizuri mpaka inauma, kuna ukuta mzima wa michoro ya vita vya zamani ambavyo nilikuwa nasoma habari zake tangu mwanzo wa gemu, sikuona kitu, naona mgongo wa tanki tu. Nikavumilia. Tukafika mlango wa bosi wa mwisho, video ikaanza, na hii si video ya kupita tu, hii ndo ile sehemu ambayo malkia uliyekuwa unamtumikia tangu siku ya kwanza anageuka, anaongea na kaka yake, stori yote ya nyuma inaanza kueleweka. Na huku chini kushoto kwenye skrini, juu ya uso wa malkia anayelia, chati inaandika: skipu, yaani ruka video. Skipu. Skipu bana. Alafu: ??? Alafu mmoja, sijui ndo tanki sijui nani, akaandika hadithi katazame YouTube.

Nilitazama video yangu mpaka mwisho. Nilikuwa na haki hiyo, nililipa kama wao na gemu lenyewe ndo limeiweka video pale. Ilipoisha nikajikuta nimesimama nje, mbele ya ukuta mwekundu wa kioo, wao wako ndani wanapigana, na ukuta ule haupitiki pambano likishaanza. Yaani bosi ambaye stori nzima ilikuwa inanipeleka kwake namwona kwa mbali kama mtu anayechungulia mpira kwenye tundu la uzio. Damu yake inashuka, mimi siwezi kurusha hata mshale mmoja. Na akiwa amebakiza kidogo kabisa, skrini ikawa nyeusi, nikarudi mjini nilikotoka. Ujumbe unasema nimeondolewa kwenye kikundi kwa kura. Sababu waliyochagua: hayupo kwenye kibodi. HAYUPO KWENYE KIBODI. Mtu niliyewaomba kwa heshima, niliyeandika kwamba natazama.

Na bado. Kwesti haikuhesabika kwa hiyo natakiwa kurudia danjoni nzima. Na kwa vile nimetolewa, mfumo ukaniwekea adhabu ya kusubiri kabla sijaruhusiwa hata kujiunga tena kwenye foleni. Mimi ndo nimeadhibiwa! Nikatuma malalamiko kwa kampuni, nikaeleza kila kitu, nikaambatisha picha ya chati. Jibu likaja, lile jibu ambalo unajua hakuna binadamu aliyesoma ulichoandika, kwamba kura ni uamuzi wa wachezaji, asante kwa kuwasiliana nasi, furahia safari yako.

Safari gani sasa?

Watu wataniambia ni wachezaji wabaya tu, umepata kikundi kibovu. Hapana. Nimelifikiria sana hili na nakataa. Wale watatu hawakuingia mle kwa ajili ya stori, walishaimaliza zamani. Waliingia kwa sababu gemu linawapa zawadi ya kila siku wakikubali kuwekwa kwenye danjoni yoyote ili foleni za wageni zisogee. Zawadi ni ileile umalize haraka au polepole, kwa hiyo kila sekunde mgeni anayotazama video ni hasara kwao. Kampuni ndo imetukutanisha, mmoja amekuja kutazama na mwingine amekuja kuchukua posho yake aondoke, ikatufungia chumba kimoja na kuwapa wao kura tatu na mimi moja. Roho mbaya ya mtu mmoja naweza kuisamehe, huu mpango mtu alikaa akaupanga.

Na usiniambie haiwezekani kufanya vingine maana wenzao wameshafanya. Final Fantasy XIV ilitoka 2010 ikaboronga, wakaifunga, wakaitengeneza upya na kuirudisha 2013. Stori yake ya kwanza inaishia kwenye danjoni mbili zenye video ndefu, na kilio kilikuwa hikihiki, wazoefu wanaskipu wanakimbia, mgeni akimaliza kutazama anakuta wenzake wameshamaliza kazi. Wakafanya nini? Wakaondoa uwezo wa kuskipu video za mle ndani, basi, wote mnatazama. Wazoefu walinung'unika maana inachukua muda na sikatai, lakini mgeni aliona mwisho wa stori yake. Alafu 2022 wakazipanga upya danjoni zenyewe na kuanza kuleta Duty Support, yaani unaingia danjoni za stori na wahusika wa kompyuta, wanakusubiri, hawana zawadi ya siku, simama kwenye mchoro wa ukutani mpaka uchoke. Kuna mapambano ya watu nane ambayo bado yanataka watu, hilo lijue kabla, ila danjoni za stori, za aina ile iliyonitoa machozi, unazipita mwenyewe. World of Warcraft ya tangu 2004 nayo imeweka danjoni za kuingia na wasaidizi wa kompyuta, ilikuwa 2024, imechukua miaka ishirini lakini imefika.

Kwa hiyo narekebisha nilichosema pale juu. Usiingie kwenye gemu ambalo stori yake imefungwa nyuma ya watu usiowajua. Hilo ndo swali la kwanza la kuuliza kabla hujaweka hela, kabla ya michoro, kabla ya mapigano: naweza kufika mwisho wa stori kuu bila kusubiri mtu? Kama jibu ni ndiyo, ingia. The Elder Scrolls Online kwa mtu wa Skyrim ni karibu kama nyumbani, ilitoka 2014, malipo ya lazima ya mwezi waliyaondoa mwaka uliofuata, na tangu apdeti ya One Tamriel ya 2016 unakwenda pande zote za ramani kwa mpangilio unaoutaka, maadui wanalinganishwa na wewe, na kwesti karibu zote ni zako mwenyewe zenye sauti. Guild Wars 2 ya 2012 haina malipo ya mwezi kabisa, na stori yako unaichezea kwenye eneo lako ambalo wengine hawaingii mpaka uwaalike. Na ile Final Fantasy ina akaunti ya majaribio isiyo na kikomo cha muda mpaka levo 70, na ekspansheni, yaani nyongeza kubwa za stori, mbili za mwanzo ndani yake, hiyo ni stori ya kukuchosha kabla hujatoa hata senti.

Ila hata huko usitegemee ukimya wa gemu la peke yako. Hakuna kupozi, yaani kulisimamisha gemu kidogo. Mlango ukigongwa katikati ya pambano, unakufa tu. Na ule uzito wa kuwa mteule unapungua sana ukiona wateule wenzako. Kwenye hili gemu langu kuna mfalme anapewa habari kwamba mwanawe ameuawa, anashuka kwenye kiti chake, anapiga magoti, mwigizaji wa sauti amefanya kazi kubwa mno, na wakati huohuo kuna mtu amepanda nguruwe mkubwa wa rangi ya pinki amesimama juu ya kichwa cha mfalme, anarukaruka. Pembeni wengine wanacheza densi wakisubiri benki. Mfalme analia, nguruwe anaruka. Kama wewe ni mtu wa kuingia ndani ya dunia ya gemu kweli kweli, vitu kama hivi vitakukera na hakuna kitufe cha kuvizima. Nikikumbuka hilo naona bora nirudi kule kwenye usianze kabisa.

Lakini sasa, na hapa ndo naumia kuandika kwa sababu inaniharibia hasira, mtu mmoja alinitafuta. Mponyaji wa kikundi kilekile. Alinitumia ujumbe baadaye, akasema yeye hakupiga kura ya kunitoa, tena alijaribu kuandika kwenye chati wenzake wakampuuza. Akaniuliza kama bado naihitaji ile danjoni. Nikamjibu kwa ukali kidogo, hakujali. Adhabu yangu ilipoisha akaja na wawili wa gildi yake, yaani chama chake cha wachezaji, mmoja tanki, tukaingia sisi wanne. Kwenye ule ukuta wa michoro tanki akasimama, sikumwomba, akaandika: yule wa tatu kutoka kushoto, mwangalie mkononi ameshika nini. Nikaangalia. Ameshika pete ya malkia. Pete ileile niliyokuwa naiona kwenye video zote, kwenye mchoro wa vita vya miaka mia kabla hajazaliwa. Mwenyewe peke yangu nisingeiona kamwe, na hakuna mhusika wa kompyuta ambaye angenionyesha. Video ya malkia ilipoanza chati ilikaa kimya mpaka mwisho, na walinisubiri mlangoni wote watatu.

Hicho kitu Skyrim haijawahi kunipa. Nakiri.

Kwa hiyo ukiniuliza sasa hivi, nasema ingia, ila usiingie danjoni kupitia foleni ya bahati nasibu mpaka uwe na watu, na watu hao watafute mapema, andika wazi kwenye chati ya gildi za wageni kwamba wewe ni mtu wa stori na hutaskipu, watajitokeza. Gemu langu mimi naendelea nalo kwa sababu ya wale watatu walionisubiri mlangoni tu. Malipo ya mwezi ujao nimeshaweka, na kampuni nimeiandikia tena nikidai vitu viwili, kura ya kumtoa mtu isifanye kazi akiwa ndani ya video, na ule ukuta mwekundu usifunge mpaka wote wawe ndani. Wamejibu. Asante kwa kuwasiliana nasi, furahia safari yako.